Kitindamlo cha chokoleti na pasheni kwenye glasi, bila oveni: ninavyokifanya

Kaka, nimesoma swali lako lote. Jumamosi ndoa inatimiza miaka mitano, mkeo anapenda chokoleti, oveni huna, una jiko la gesi na friji, na unataka kitu cha tabaka tabaka chenye matunda ndani. Wengi hapo juu wamekushauri uagize keki. Mimi nasema ingia jikoni mwenyewe. Natengeneza vitindamlo vya glasi kwa oda za sendofu na harusi hapa Dar, na kwa meza ya watu wawili sijaona kinachopendeza kama hiki: chini biskuti, katikati chokoleti laini, juu yake pasheni, halafu krimu. Wifi ataziona tabaka zote kupitia glasi kabla hajaonja.

Tuanze na tunda, maana ndilo linaloamua. Chokoleti nyeusi ni nzito na ina mafuta. Ukiipa tunda tamu tupu kama ndizi mbivu, vijiko vitatu tu mtu ameshakinai. Inataka uchachu wa kuikata. Wajerumani kwenye keki yao ya Black Forest wameweka cheri chachu kati ya chokoleti na krimu kwa sababu hiyo hiyo. Sisi tuna pasheni, na kwa ulimi wangu pasheni inaishinda cheri. Embe dodo lililoiva linaruhusiwa, ila vipande vichache vya kupambia. Tikiti acha kabisa, linatoa maji mpaka tabaka zinachanganyikana. Nanasi lisilopikwa na papai navyo usivichanganye na krimu wala jelatini (ile ya kugandishia): vina vimeng'enya vinavyovunja protini, kwa hiyo jelatini haigandi na krimu inaingia uchungu. Kama ni lazima uweke nanasi, lichemshe kwanza na sukari likapoe.

Dukani, geuza pakiti ya chokoleti usome viambato. Ukikuta siagi ya kakao, chukua. Ukikuta nafasi yake imeshikwa na mafuta ya mawese au mafuta mengine ya mimea, irudishe. Siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi joto kama 34, chini kidogo ya joto la mwili, ndiyo maana chokoleti nzuri inalainika yenyewe mdomoni. Ile ya mafuta ya mimea mara nyingi inaacha utando kwenye kaakaa. Tafuta yenye kakao asilimia 60 mpaka 70. Ukibahatika kupata iliyotokana na kakao ya Kyela, usiiache.

Kwa glasi mbili kubwa au nne ndogo utahitaji chokoleti gramu 100, krimu ya kupiga ml 250, viini 2 vya mayai, sukari gramu 40, siagi gramu 45, pasheni saba au nane, na biskuti za chai za kawaida kama sita. Za tangawizi ni nzuri zaidi kama zipo.

Fanya kazi yote Ijumaa jioni, isipokuwa krimu ya juu. Anza na pasheni, kwa sababu inahitaji muda wa kupoa. Chuja juisi upate ml 50, mbegu za tunda moja ziweke pembeni. Changanya juisi, viini na sukari kwenye bakuli la bati au la kioo kigumu, uliweke juu ya sufuria yenye maji yanayochemka taratibu, chini ya bakuli pasiguse maji. Koroga bila kuondoka. Baada ya dakika chache utaona povu la juu linapotea na mchanganyiko unaanza kushika mwiko: ukipitisha kidole mgongoni mwa mwiko, njia inabaki. Hapo toa motoni haraka, maana ukizidisha viini vinakatika. Tia siagi gramu 30, koroga iyeyuke, funika, weka frijini. Kuna aliyependekeza musi (kitindamlo chepesi chenye povu) ya mayai mabichi. Kwa joto letu hili mimi siifanyi kabisa. Viini hivi vimepita motoni na roho yangu inatulia.

Siagi iliyobaki iyeyushe, changanya na biskuti ulizozisaga, shindilia chini ya glasi. Sasa chokoleti. Ikatekate vidogo, na hakikisha bakuli, kisu na mikono ni vikavu kabisa. Tone moja la maji likiingia kwenye chokoleti inayoyeyuka, unga wa kakao na sukari vinashikana na yote inakuwa bonge kama ugali uliokosa maji. Ikitokea, usiitupe: ongeza krimu ya moto kidogo kidogo huku unakoroga, itarudi kuwa laini. Njia rahisi ni kuchemsha krimu ml 100 mpaka pembeni ianze kutoa vipovu, uimwage juu ya chokoleti, uache dakika mbili bila kugusa, kisha ukoroge kuanzia katikati kwenda nje. Ongeza chembe ya chumvi. Itang'aa.

Chota kijiko kimoja cha chokoleti hiyo uipake juu ya biskuti kwanza, iingie frijini dakika kumi. Mafuta yake yanazuia unyevunyevu, na biskuti itabaki kavu, ya kuvunjika mdomoni, mpaka kesho yake. Halafu mimina iliyobaki, rudisha frijini nusu saa ishike, ndipo uweke pasheni. Ukiharakisha hapa mistari haitaonekana. Mimina kupitia mgongo wa kijiko ili isitoboe tabaka ya chini, na futa ukingo wa glasi kwa kitambaa safi kila mara.

Krimu ml 150 zilizobaki zipige Jumamosi, saa moja kabla ya kula. Bakuli na mchapo wa kupigia krimu vikae friza kwanza, krimu yenyewe iwe baridi sana. Ikiwa vuguvugu haiinuki hata ukipiga mpaka mkono ufe ganzi. Acha inapoanza kusimama kwa ulaini. Sukari usitie, utamu wa chini unatosha.

Toa glasi frijini dakika kumi na tano kabla ya kumwandalia, chokoleti ilainike, ndipo uweke mbegu za pasheni juu. Vijiko viwe vya mpini mrefu ili kila mara achote tabaka zote kwa pamoja. Na umeme ukikatika usiku, usifungue friji. Iliyofungwa hukaa na baridi yake kwa muda wa saa nne hivi. Anza kazi Ijumaa saa kumi na mbili jioni, na ukikwama kwenye viini au chokoleti andika hapa hapa, nitakujibu.