Nasoma Neno kila alfajiri, mbona hofu haiondoki?

SWALI: Padri, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Wete, Pemba. Msimu huu mimi na mume wangu tulikodi mikarafuu kwa mkopo wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Mikarafuu ikazaa haba, na hizo kidogo tulizochuma zikapigwa na mvua juu ya majamvi. Mume wangu amevuka Unguja kutafuta kibarua. Kila alfajiri nasoma tafakari ya siku kwenye simu, na karibu kila siku inaniambia nimtumaini Mungu, mema yako njiani. Yeremia 29:11 nimeishika kuwa ahadi yangu. Lakini simu ikilia tu, moyo unaniruka nikidhani ni mweka hazina wa kikundi. Je, imani yangu ni haba? Na nisome vipi ili Neno linisaidie?

JIBU: Asifiwe sana, mama. Poleni kwa msimu mliopitia.

Kuogopa si alama ya kukosa imani. Zaburi 56:3 inasema, “Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe.” Daudi hakungoja hofu iishe ndipo atumaini. Hofu na tumaini vimekaa katika siku moja, tena kichwa cha zaburi hiyo kinaeleza kuwa ni pale Wafilisti walipomkamata huko Gathi, kwa hiyo alikuwa na sababu ya kuogopa. Na yule baba wa Marko 9:24 aliyelia, “Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu,” hakurudishwa nyumbani akaongeze imani kwanza. Mwanawe aliponywa palepale. Basi hilo la imani haba tuliweke kando. Penye kasoro ni katika namna unavyosoma, na kasoro hiyo inarekebishika.

Tafakari za kwenye simu si mbaya, na wengi wameanza safari yao hapo. Shida yake ni kwamba hukupa mstari mmoja uliokatwa kutoka mahali pake, kisha maneno ya mwandishi yakawa mengi kuliko Neno lenyewe. Chukua hiyo Yeremia 29:11: “Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho.” Rudi nyuma mstari mmoja tu, utakuta miaka sabini. Hii ni barua waliyoandikiwa watu waliochukuliwa mateka hadi Babeli. Aya ya 5 na ya 6 zinawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na waoze. Aya ya 7 inawaambia wautakie amani mji ule waliopelekwa na wauombee, kwa kuwa katika amani yake na wao watapata amani. Geuza ukurasa hadi sura ya 28 utamkuta nabii Hanania akiwaahidi watu kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kitarudi. Bila shaka watu walimpenda Hanania kuliko Yeremia. Lakini Mungu hakumtuma, na mwaka uleule alikufa.

Tafakari nyingi zinazozunguka leo zimechukua maneno ya Yeremia zikayatia sauti ya Hanania.

Sisi wa visiwa hivi tungepaswa kuielewa barua hii upesi kuliko wengine. Wakristo wa kwanza wa Mkunazini na Mbweni, kule Unguja, wengi wao walikuwa watu waliotekwa makwao bara wakaletwa pwani. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na sikukuu ya Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Anglikana likawekwa palepale. Wengi hawakurudi walikotoka. Walijenga, wakalima, wakaoana na kuzaa hapahapa. Kama wangeisoma aya ya 11 kuwa ni ahadi ya kurudi kwao mwezi ujao, wangekata tamaa mapema. Kwa hiyo aya hiyo haikuahidi kwamba deni litafutika kabla ya kikao kijacho cha kikundi. Inakuahidi kwamba Mungu hajawasahau watu wake hata mambo yakichukua muda mrefu, na kwamba katika muda huo wana kazi ya kufanya. (Na kwa Wakristo wachache tunaoishi kwa ujirani na Waislamu, aya ya 7 ina kazi kubwa kuliko ya 11, ingawa ni nadra kuiona ikitumwa kwenye simu.)

Sasa namna ya kusoma. Dakika ishirini zinatosha, kabla watoto hawajaamka kwenda skuli. Tumia Biblia ya karatasi ukiweza. Kama iko kwenye simu, zima data kwanza, maana ujumbe mmoja ukiingia kipindi kimekwisha. Shika kitabu kimoja ukifuate kwa mpangilio, na kwa hali yako ningekupa Zaburi, moja kwa siku. Utaratibu wa zamani wa kitabu cha sala hugawa zaburi zote 150 kwa siku 30, asubuhi na jioni. Ni mzuri kwa padri na kwa mtu mwenye nafasi, lakini kwa mama wa watoto wanne aliye peke yake nyumbani ni mzigo, atauacha wiki ya pili. Zaburi ndefu zikate. Ile ya 119 ina aya 176 zilizogawanyika mafungu 22 ya aya nane nane, soma mafungu mawili kwa siku, utaimaliza kwa siku 11. Wana wa Israeli jangwani waliambiwa waokote mana pishi moja kwa kila kichwa, na waliojiwekea ya kesho ikaingia mabuu (Kutoka 16). Ukikosa siku moja, usijilazimishe kulipa zaburi tatu Jumamosi. Endelea pale ulipoishia.

Isome mara tatu. Mara ya kwanza kwa sauti, polepole, zaburi nzima, bila kutafuta chochote. Mara ya pili uliza: nani anasema, anamwambia nani, yuko katika hali gani, na maneno yanageuka wapi? Tuchukue Zaburi ya 13, yenye aya sita tu. Aya mbili za kwanza ni malalamiko matupu, “hata lini” imerudiwa mara nne. Aya ya 3 na ya 4 ni ombi. Tumaini linaingia aya ya 5: “Nami nimezitumainia fadhili zako.” Wasomaji wengi huruka moja kwa moja hadi aya ya 5 kwa sababu ndiyo tamu, halafu wanashangaa mbona haikai moyoni. Haikai kwa sababu hawajapita njia aliyopita Daudi. Wewe zisome aya za 1 na 2 ukitia jambo lako ndani yake: hata lini, Bwana, nitaogopa mlio wa simu? Hata lini mume wangu atakuwa mbali? Huko si kumkosea Mungu adabu. Maneno hayo yamo katika Kitabu chake mwenyewe.

Mara ya tatu tafuta kipande kimoja kifupi ambacho unaweza kukisema kwa pumzi moja, kama hicho cha “nimezitumainia fadhili zako.” Kisha chukua daftari la kawaida la skuli uandike mistari mitatu. Wa kwanza ni kipande hicho. Wa pili ni hofu ya leo kwa jina lake: deni la nani, kiasi gani, siku gani. Ukiandika “matatizo” tu, hutajua hata siku Mungu atakapokujibu. Wa tatu ni jambo moja la kufanya leo, dogo, linalowezekana kabla ya jua kuzama. Hapo ndipo uombe, ukifuata Wafilipi 4:6: peleka haja yako pamoja na shukrani, na shukrani nayo iwe ya kitu kinachotajika. Angalia pia kwamba aya ya 7 inaahidi amani ya Mungu itakayohifadhi moyo wako, na amani hiyo yaweza kuja kabla ya jibu lenyewe.

Simu ikilia mchana, sema kile kipande chako mara moja, kisha pokea. Usiizime. Usiku kabla ya kulala fungua daftari, uweke alama kwenye mstari wa tatu kama umefanyika au bado. Kama bado, uhamishie kesho bila kujilaumu. Mstari huo mmoja ukihamishwa siku nne mfululizo, ujue kuna hofu nyingine chini yake ambayo hujaiandika.

Yapo mambo ya kuepuka. Kufungua Biblia popote na kuweka kidole ili upate “neno la leo” ni ramli tu iliyovishwa kanzu ya kanisani. Kuandika mstari kwenye karatasi na kuuweka chini ya mto au kwenye pochi ili fedha zije, huko ni kulifanya Neno hirizi. Ule ujumbe wa “tuma kwa watu kumi upokee muujiza” ufute, wala usiogope kuufuta. Na usimwekee Mungu nadhiri ya fedha ambazo huna, Mhubiri 5 imeshakataza. Kumbuka kwamba hata Shetani juu ya kinara cha hekalu alitaja Zaburi ya 91. Yesu hakusema kwamba zaburi ile ni ya uongo. Alimjibu kwa Andiko jingine, “Usimjaribu Bwana Mungu wako.” Basi aya yoyote ikitumiwa kukuambia uache wajibu wako ukae unangoja, itafutie Andiko la pili.

Kwa jambo lako Andiko hilo la pili ni 2 Wafalme 4:1-7, na ningependa ulisome wiki nzima. Mjane wa mmoja wa wana wa manabii anadaiwa, na aliyemdai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Angalia hatua zake. Kwanza alimwambia mtu, tena kwa uwazi, hakulificha deni kwa aibu. Elisha hakumwambia “amini tu.” Alimuuliza una nini nyumbani. Mama yule akajibu kwamba hana kitu, ila chupa ya mafuta. Jibu hilo lina “sina” na “ila” ndani yake, na muujiza ulianzia kwenye “ila.” Kisha akaagizwa aazime vyombo vitupu kwa majirani, wala si vichache, maana yake majirani wote watajua kuna jambo. Akafunga mlango akamimina. Mafuta yakakoma vyombo vilipokwisha. Mwisho akaambiwa auze mafuta, alipe deni, na kilichobaki ale yeye na wanawe. Mungu alitenda, lakini kuuza na kulipa aliachiwa mama.

Sasa jiulize wewe, nyumbani kuna nini? Karafuu zilizopigwa na mvua zitashuka daraja na bei, lakini zikianikwa tena zikakauka vizuri bado ni fedha kuliko zikikaa kwenye gunia hadi zioze. Makonyo, vile vikonyo vya karafuu mlivyovitenga pembeni, nayo yana mnunuzi, yapimeni. Ukishajua jumla yake, nenda kwa mweka hazina kabla yeye hajakupigia. Mithali 6:3-4 inamwambia aliyenaswa katika dhamana aende akanyenyekee, amsihi jirani yake, wala asiyape macho yake usingizi kabla ya hapo. Mweleze mlichovuna, ulichonacho mkononi, na kiasi unachoweza kutoa kila kikao. Taja kiasi kidogo utakachokitimiza, usitaje kikubwa cha kumfurahisha. Omba kiandikwe kwenye daftari la kikundi mbele yako. Usichukue mkopo mahali pengine kulipa huu, maana ndivyo deni moja linavyokuwa matatu. Zaburi 37, ile inayosema “Umkabidhi Bwana njia yako,” katika aya ya 21 inamtaja akopaye asilipe kuwa si mwenye haki. Zaburi ni moja, na aya zote mbili ni zako.

Zitakuja asubuhi ambazo tumaini halisikiki kabisa. Siku hiyo soma Zaburi ya 88. Inamalizikia gizani, haina aya ya furaha mwishoni, ila inaanza kwa kumwita Bwana, “Mungu wa wokovu wangu.” Soma, sema amina, inuka ukaendelee na kazi. Usijilazimishe kuhisi kitu. Lakini usingizi ukikukimbia wiki baada ya wiki, chakula kikawa hakipiti, au likakujia wazo la kujidhuru, usiseme nitaomba tu. Mwambie mtu siku hiyohiyo, na mwende pamoja hospitali. Kumtumaini Mungu hakukukatazi daktari.

Jambo la mwisho ni mume wako. Mzigo huu ni wenu wawili, na hofu yake huko aliko huenda ni kubwa kuliko anavyokuambia. Kubalianeni kusoma zaburi moja siku moja. Anzeni na ya 13 kesho, naye aisome kabla hajatoka kwenda kibaruani. Jioni akipiga, kabla ya kuzungumzia fedha, asome mstari wa pili wa daftari lake, nawe umsomee wako.