Re: Nyumba ina jina la mume tu, nitapata chochote tukiachana?

Pole dada. Umeuliza kama hati ikiwa na jina lake peke yake basi wewe huna chako. Hapana, mahakama za nchi nyingi zinaangalia mchango wa kila mmoja, hata kulea watoto na kazi za nyumbani zinahesabika, mi mwenyewe jina langu halikuwepo ila risiti za saruji na za benki ndo zilizoniokoa. Kwa hiyo kabla hujamtajia talaka piga picha hati, risiti, cheti cha ndoa, vyote vitunze kwa mtu unayemwamini. Na usisaini kitu kwa hasira (mi nilikaribia!). Watoto ni suala lingine kabisa, hapo hakimu anatazama maslahi ya mtoto kwanza, sio nani ana hela zaidi.