Chembechembe na kupepesa kwa mwanga katika video ya mwendo wa polepole
Ikiwa video yako ya mwendo wa polepole imejaa chembechembe na ukuta wa nyuma unapepesa, simu yako haina hitilafu. Kilichopungua ni mwanga. Unaporekodi fremu (picha moja moja zinazounda video) 240 kwa sekunde, kila fremu hupokea mwanga kwa muda usiozidi 1/240 ya sekunde, yaani sehemu moja ya nane ya muda unaowezekana katika fremu 30, na kamera hufidia upungufu huo kwa kupandisha ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga), ambayo ndiyo huzitokeza zile chembechembe, hasa penye vivuli na nywele nyeusi. Ule ukuta unaopepesa nyuma una sababu nyingine: taa nyingi zinazotumia umeme wa hezi 50 hufifia na kung'aa mara 100 kwa sekunde, jambo ambalo jicho halilioni lakini kamera ya kasi hulinasa. Rekodi mchana kwenye mwanga wa jua, na matatizo yote mawili yatapungua sana. Hata hivyo, ikiwa video ilirekodiwa kwa fremu 30 kisha ikapunguzwa kasi wakati wa kuhariri, mwanga hautasaidia kitu, kwa kuwa programu hulazimika kurudia fremu au kubuni zisizokuwepo, na hapo ndipo vitu vinavyosogea, kama vidole, huonekana kama vimeyeyuka.