Kabla hujaipiga polishi saa ya mzee

Fundi akikwambia, "Bosi, niachie mpaka jioni, utaikuta mpya kabisa," mshukuru, chukua saa yako, ondoka. Sisemi hivi kuwavunjia heshima mafundi wa Kariakoo. Wapo ninaowakabidhi saa zangu bila wasiwasi. Ila saa ya zamani ya kuzamia ukiilazimisha iwe mpya, unaishusha bei.

Mimi nanunua na kuuza saa hizi kwa kujuana tu, sina duka. Wengi wanaonitafuta wamerithi: marehemu baba alikuwa baharia, au mjomba alikuja nayo kutoka Mskat. Mara nyingi ni Seiko. Zile za majina makubwa, Rolex Submariner na Blancpain Fifty Fathoms zilizoanza mwaka 1953, hapa mjini utazisikia kuliko utakavyoziona. Ukiletewa moja kwa bei ya kutupa, ujue ni feki.

Wateja wako wa aina mbili. Wa kwanza anataka saa ya kumeremeta harusini. Huyo hana neno na polishi. Wa pili, ambaye ndiye mwenye hela, anataka saa iliyozeeka bila kuguswa. Akiishika anaiinamisha kwenye mwanga, anaangalia kingo za bodi, yaani kasha la chuma, na yale masikio yanayoshika mkanda. Kiwandani kingo hizo huachwa kali, sehemu moja imepigwa mistari myembamba, nyingine imesuguliwa hadi ikang'aa. Mashine ya polishi ikipita inakula chuma: kingo zinakuwa butu, mistari inafutika, masikio yanakonda. Mikwaruzo ya miaka 40 mtu huyu anaivumilia. Chuma kilicholiwa hakirudi.

Bei kubwa zaidi, hata hivyo, iko usoni. Uso wa awali wenye madoa unauzika kuliko uso mpya wa kubandika, na hapo ndipo nabishana na watu sana. Chukua Seiko 6309, ile ya bodi nene iliyotengenezwa kati ya 1976 na 1988. Nyuma kuna namba mbili za tarakimu nne nne, mfano 6309-7040. Ya kwanza ni ya mashine ya ndani, ya pili ni ya bodi. Kuna nyingine ya tarakimu sita, ambayo tarakimu yake ya kwanza ni mwaka na ya pili ni mwezi. Ikianza na 78, saa hiyo ni ya Agosti 1977 au Agosti 1987. Sasa igeuze, shika lenzi, usome viherufi vilivyo chini kabisa ya uso, pale ukingoni. Navyo vinatakiwa vianze na 6309.

Kijana mmoja aliniletea ya kwake ikiwa nyeusi ti, mishale myeupe pee. Chini ya uso hapakuwa na herufi hata moja. Mashine ya kweli, bodi ya kweli, uso na mishale vya kuagiza mtandaoni. Nikamwambia arudi kwa fundi aulizie uso wa zamani. Bahati yake ulikuwa bado kwenye droo, umefifia, una doa la unyevu karibu na tarehe. Tuliiuza saa pamoja na uso ule, na mnunuzi aliuangalia huo muda mrefu kuliko saa yenyewe.

Rangi ya kung'aa gizani nayo inasema mengi. Za zamani sana zilipakwa radiamu, yenye mionzi mikali, kisha Waswisi wakahamia tritiamu, yenye mionzi hafifu, wakaitumia mpaka miaka ya 1990. Tritiamu hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya miaka 12 na ushee, kwa hiyo saa ya Uswisi ya mwaka 1970 haiwezi kuwaka usiku kucha leo. Ingia nayo chumba chenye giza. Ikiwaka kama taa, imepakwa upya. Wanaojua wanapenda nukta zilizogeuka rangi ya krimu, za uso na za mishale zikiwa zimezeeka sawia. Hata ringi ya kuzunguka iliyopauka kwa jua, ikapauka pande zote, ina wapenzi wake. Zile za radiamu usikubali mtu azikwangue mezani: hata kama haziwaki tena, vumbi lake ni hatari.

Sisemi saa isiende kwa fundi. Mashine isafishwe, iwekwe mafuta, mipira ya kuzuia maji ibadilishwe. Hilo halipunguzi thamani. Unyevu na chumvi vya Dar havina huruma, na mpira wa miaka mingi unakauka na kukakamaa. Kwa hiyo usione imeandikwa mita 150 ukazama nayo Kigamboni kabla haijapimwa. Sharti langu kwa fundi ni moja: kila alichokitoa akirudishe kwenye bahasha, hata skrubu.

Boksi na karatasi vikiwepo, vizuri. Bangili yake ya awali ikiwepo, vizuri zaidi. Nyingi zilikatwa vipande na mafundi ili zienee mkono. Hadithi za ubaharia kila muuzaji anazo, hazimwongezei shilingi. Picha ya mzee akiwa bandarini, saa ikionekana mkononi, hiyo inaongeza, kwa hiyo wasumbue shangazi wafungue albamu.

Ukifika wakati wa kuitangaza, piga picha mchana, kivulini, bila flashi. Piga uso, pembeni kote, nyuma, na mashine ikiwa imefunguliwa na fundi. Namba ya tarakimu sita ionyeshe nne za mwanzo tu, mbili za mwisho zifunike kwa kidole, waigaji wanazitafuta. Kilichobadilishwa kitaje mwenyewe kwenye tangazo, maana mnunuzi wa aina ile ya pili atakigundua tu, na akikigundua peke yake atapunguza bei kuliko ambavyo ungepunguza wewe.