Miwani ya kuendeshea pikipiki mvuani: maji ya nje na ukungu wa ndani

Swali: Assalaam alaykum daktari. Mimi ni mwendesha boda wa Kisauni, kazi yangu ni kuvuka daraja la Nyali kwenda mjini na kurudi, na usiku napata abiria wa Changamwe. Navaa miwani ya macho, minus mbili na nusu pande zote. Masika haya nimeteseka. Mvua ikipiga, lenzi zinajaa matone nje na ukungu ndani, na taa za malori zinatawanyika kama fataki. Kioo cha helmeti nilikitoa zamani kwa sababu kilikuwa kinaniongezea ukungu. Mwenzangu wa steji ameniuzia miwani ya njano, asema ndiyo ya mvua na usiku. Niivae hiyo, ninunue ile ya kukinga yenye mkanda wa kichwani, au nitoe miwani kabisa mvua ikianza?

Jibu: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Naanza na lile la mwisho kwa sababu ndilo linalonitia hofu. Usitoe miwani. Kwa macho ya minus mbili na nusu, kila kilicho mbali zaidi ya sentimita 40 kutoka usoni mwako kimeshaanza kufifia. Sentimita 40 hata usukani hujaufikia vizuri. Mtoto anayekatiza barabara pale Kongowea amejifunika karatasi ya nailoni kichwani, hutamtambua mpaka awe karibu na gurudumu.

La pili, rudisha kioo cha helmeti. Tunakiita kioo, ingawa kile kizuri ni plastiki ya polikaboneti, ngumu kupasuka. Tone kubwa la mvua huanguka kwa kasi ya karibu mita 9 kwa sekunde. Ukiwa unakwenda kilomita 60 kwa saa, tone hilo linakufikia kama limerushwa kwa kilomita 68 kwa saa, na jicho hufumba lenyewe, hulizuii. Miwani ya macho haifuniki pembeni wala juu. Tena tone likitua kwenye lenzi iliyo karibu na mboni huwa lenzi ndogo juu ya lenzi, linapindisha kila unachotazama, na upepo haulifikii vizuri kuliondoa. Kioo cha helmeti kimepinda na kiko mbele, upepo unakipangusa. Ukigeuza kichwa kidogo kushoto kisha kulia mkiwa mwendoni, utayaona matone yakikimbilia ukingoni.

Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye kioo kipya kisicho na rangi. Kabla ya kulipa, kishike mbele ya mstari ulionyooka, kama ukingo wa mlango wa duka, ukipandishe na kukishusha taratibu. Mstari ukitikisika au kupinda, kiache hapo hapo. Vile vyeusi na vya rangi ya kioo cha kujitazamia vinavyopendwa na vijana havifai mvuani. Kanuni za helmeti za Ulaya zinadai kioo kipitishe angalau asilimia 80 ya mwanga, na kinachopitisha chini ya hapo ni cha mchana peke yake. Kumbuka pia kwamba mwanga unapungua kila unapopita: kioo cha asilimia 80, nyuma yake miwani ya asilimia 80, jicho linabaki na 64.

Sasa ukungu, ambao ndio uliokufanya ukitoe. Pumzi yako ni ya joto na imejaa mvuke. Mvua inapoza kioo kwa nje, mvuke unagusa upande wa ndani uliopoa na kuwa vitone vidogo mno. Hapa kwetu hewa yenyewe ina unyevu mwingi, hivyo haihitaji baridi kali kufika hapo. Ndiyo maana unaumia zaidi ukisimama kwenye foleni ya Buxton kuliko ukiwa mwendoni: hewa haipiti tena ndani ya helmeti. Ukisimama, inua kioo kidogo tu, upana wa kidole. Ukiondoka, kishushe.

Dawa ya bei nafuu unayo jikoni. Chukua tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ipake upande wa ndani wa kioo kikiwa kikavu, kisha isugue kwa kitambaa laini mpaka usiione tena. Sabuni haizuii mvuke usitue; inayafanya maji yatandae kuwa utando mwembamba ulio sawa badala ya vitone, na utando huo unaona kupitia kwake. Rudia kila asubuhi ya mvua. Ndani peke yake, nje usipake. Ukipata uwezo, kuna karatasi ya plastiki inayobandikwa ndani ya kioo ikaacha nafasi ya hewa katikati, iliyotangazwa sana na kampuni ya Pinlock. Hiyo ndiyo dawa bora ninayoijua, lakini lazima kioo chako kiwe kimetengenezwa kuipokea.

Na kile kitambaa mnachojifunga puani? Nakielewa, vumbi na moshi ni vingi. Lakini kikibana mdomo na kulegea juu, pumzi yote inapanda moja kwa moja kwenye lenzi. Kibane juu ya pua, kilegee kidevuni.

Miwani yako yenyewe nayo inachangia. Ikikaa karibu sana na kope, hewa haizunguki nyuma ya lenzi. Mtengenezaji anaweza kuvipinda vile vidude vya puani akaisogeza mbele milimita mbili tatu, kazi ya dakika tano. Chagua fremu nyepesi yenye mikono myembamba iliyonyooka, maana mikono minene ikibanwa na helmeti inaumiza kichwa na kuinua miwani puani, ukawa unatazama kupitia sehemu isiyo yako. Lenzi ziwe za polikaboneti zenye utando mgumu juu, si za glasi, kwa sababu ya ajali. Na omba utando wa kuzuia mng'ao, ule unaotoa rangi ya kijani au zambarau ukiinamisha lenzi kwenye taa. Lenzi ya polikaboneti isiyo na utando huo inarudisha karibu asilimia 10 ya mwanga, na usiku huo ndio mwanga unaouhitaji.

Hizo fataki za taa za malori zinahitaji uchunguzi, usizikubali tu. Hivi majuzi kijana wa boda alinikalia kitini, nikaiweka miwani yake chini ya taa ya meza. Lenzi ya kushoto ilikuwa na mistari midogo isiyohesabika, yote imelala upande mmoja, kutoka puani kwenda sikioni: njia ya kidole gumba kikiwa ndani ya pindo la fulana. Nikamwambia atazame tochi ya simu kupitia lenzi hiyo. Mwanga ukasimama wima kama fimbo. Mikwaruzo ikilala, mwanga husimama. Ukiizungusha lenzi, fimbo inazunguka nayo.

Fanya jaribio hilo leo usiku, umeshuka kwenye pikipiki, helmeti umeivua, lenzi zimeoshwa. Tazama taa ya barabarani. Vua miwani, ishike mbele ya jicho, izungushe. Miale ikizunguka na lenzi, basi ni mikwaruzo, au namba ya lenzi ina sehemu ya kurekebisha umbo la jicho isiyokufaa. Kisha vaa miwani, inamisha kichwa begani. Miale ikiinama pamoja na kichwa, na lenzi ni safi wala hazina mikwaruzo, jicho lenyewe linahitaji kupimwa upya. Huenda ni umbo la jicho halijarekebishwa vizuri na namba uliyopewa, huenda ni mtoto wa jicho anaanza, au kinyama kinachoota kutoka kwenye weupe kuelekea mboni, ambacho kinawapata sana watu wa jua na upepo kama nyinyi.

Kuhusu miwani ya njano, mwenzako hana nia mbaya, lakini mrudishie. Mwaka 2019 jarida la JAMA Ophthalmology lilichapisha utafiti wa Boston, Marekani, ambapo madereva walipimwa kwenye kifaa kinachoigiza uendeshaji wa usiku. Njano haikuwasaidia kumwona mtembea kwa miguu. Inafanya vitu vionekane kama vimeng'aa, huku mwanga unaofika jichoni ukipungua. Miwani ya jua yenye polaroidi nayo usiivae mvuani: inafuta mng'ao wa lami iliyolowa, na mng'ao huo ndio unaokuonyesha dizeli iliyomwagika pale malori yanapopinda. Skrini ya simu pia inaweza kuwa giza ukiitazama kwa pembe fulani.

Ile ya kukinga yenye mkanda inamfaa asiye na kioo cha helmeti. Wewe ungehitaji kubwa ya kuvaliwa juu ya miwani, yenye matundu ya hewa, na alama ya usalama ya Z87+ (ya Marekani) au EN 166 (ya Ulaya). Kwenye hiyo ya EN, herufi N maana yake imepimwa dhidi ya ukungu, K dhidi ya mikwaruzo. Ila kwako nyuso za plastiki zitakuwa nyingi mno. Mimi ningebaki na kioo.

Jambo moja la hapa pwani: chumvi. Upepo wa bahari unaiacha kwenye lenzi, ikikauka inakuwa punje, na ukipangusa kavu unajikwaruzia mwenyewe. Mwaga maji kwanza, kisha pangusa. Yawe maji matamu, yale ya kununua kwa mtungi, si ya kisima cha chumvi. Petroli na thina zisiguse polikaboneti kabisa, zinaitia nyufa ndogo ndogo.

Ukienda kupimwa, nenda na helmeti yako. Jaribu fremu ukiwa umeivaa, kioo kimeshushwa, kabla hujalipa chochote.