Majibu ya damu yametoka safi? Usifute miadi!

Dada, weka simu chini, usiifute hiyo miadi. Ultrasaundi ya wiki ya 20 imeonyesha kidevu kidogo, kipimo cha damu kimetoka safi, basi unataka kuachana na daktari bingwa, halafu unauliza umwambieje mama mkwe! Mimi niliachana na daktari bingwa hivyohivyo.

Kipimo kile cha damu ya mama kwa kawaida kinatafuta kromosomu zilizozidi: ya 21, ya 18, ya 13. Basi. Treacher Collins, hali ya kuzaliwa nayo ya taya na mifupa ya mashavu kuwa midogo, aliyonayo mwanangu, haizidishi kromosomu yoyote. Ni hitilafu ndani ya jeni moja, mara nyingi ile ya TCOF1. Hata wakivuta maji ya uzazi wakahesabu kromosomu, watakuta 46, salama salimini. Lazima maabara iambiwe isome jeni yenyewe. Sasa yule daktari wangu akanisukumia karatasi: "Mama, majibu safi, nenda kapumzike." Safi ya nini? Hakusema, nami sikuuliza, akili ilishahamia kwenye nguo za mtoto. Nikapumzika kweli, utadhani nalipwa mshahara.

Tumbo likajaa maji, nikaambiwa mtoto mkubwa. Kumbe taya likiwa dogo sana mtoto anaweza kushindwa kumeza vizuri, na maji yanazidi. Siku ya kujifungua hakuna aliyejiandaa. Wakamlaza chali, ulimi ukarudi nyuma ukaziba koo. Anavuta pumzi, kifua kinabonyea, kilio hakitoki. Mkunga mmoja mtu mzima akamgeuza kifudifudi, hewa ikapita. Huyo namwombea dua kila siku. Yule wa karatasi namwombea pia, ila dua nyingine.

Huenda kidevu cha mwanao ni cha ukoo tu, sikutishi. Na wangu akili zake timamu, ananishinda kwa maneno, anasikia kwa kifaa kinachopitisha sauti kwenye mfupa. Kilichotaka kumuua ni dakika zile za mwanzo, nazo zingepangiwa mapema: kuzalia hospitali yenye daktari wa koo na wa usingizi wanaoweza kumwekea mtoto wa taya dogo njia ya hewa, wakiwa chumbani kabla hajatoka.

Kwa hiyo kila karatasi utakayopewa, uliza: kipimo hiki kinatafuta nini, na nini hakikioni? Usinyanyuke kitini mpaka wakutajie. Wakikuona msumbufu, shauri yao.

Na mtazame vizuri baba mtoto. Wengi wenye hali hii wazazi wao hawana, lakini mume wangu ana pembe za macho zilizoshuka na kope za chini za kuhesabu. Miaka yote tukimsifu kwa sura ya upole. Upole gani, ni jeni! Sasa kila mimba yetu uwezekano wa mtoto kuirithi ni nusu kwa nusu, ila jeni ikishajulikana wanaweza kupima kipande cha kondo tangu wiki ya 11.

La mama mkwe wakujibu wengine. Wewe miadi umepangiwa lini?