Kuvunja mfungo wa Kwaresima kwa chakula cha jioni hotelini

Dada yangu wa Kigoma, unaeleza kwamba ulikusudia kutokula nyama Kwaresima nzima, kisha Alhamisi iliyopita wakwe zako wakakualika hotelini, nawe ukala mbuzi choma na pilau hadi ukashiba. Sasa unauliza kama mfungo wako wote umeharibika.

Haujaharibika. Kwa mujibu wa Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, siku za lazima za kufunga ni mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na kujinyima nyama kunawahusu waliotimiza miaka 14 katika siku hizo na katika Ijumaa nyingine, isipokuwa Ijumaa inapoangukia sherehe kuu ya Kanisa. Alhamisi haimo. Ulichokivunja ni kusudio lako mwenyewe, jambo ambalo silidharau hata kidogo, kwa sababu neno ulilomwambia Mungu lina uzito. Na ikiwa ulilifanya kuwa nadhiri, zungumza na paroko wako.

Endelea na mfungo leo, wala usijiadhibu kwa kushinda na njaa. Fedha ambazo ungenunulia nyama umpe mwenye shida, kwani inaniuma kuona wengi wetu tukijinyima chakula kisha tusimpe mtu chochote. Mwaliko mwingine ukija, waeleze wakwe mapema, kwa heshima, kabla chakula hakijaagizwa. Hapo Kigoma mgebuka au kuhe wa kuchoma hakosekani, na unaweza kuketi nao mezani ukala ugali kwa samaki bila kumkwaza mtu.